Masale ya Chumba cha Ndoto

Krrap.

Ndivyo mzizi wa mmea wa isale unavyolia ukiung'oa. Si sauti kubwa. Ni kama mtu anachana kitambaa cha marekani polepole asije akamwamsha mtoto. Niliisikia mara arobaini na moja asubuhi moja, tena kila mara nikitabasamu kwa raha ya kazi. Leo mimi ni bibi mstaafu mwenye meno ya kuhesabu, lakini mtu akichana shuka karibu yangu mwili wote unanisisimka.

Nawaandikia nyie vijana mnaochora mabango kwa kompyuta. Juzi mmoja wenu alinijia hapa mtaani kwangu Pasua akaniuliza, "Bibi, ni kweli zamani mlitengeneza maonyesho ambayo watazamaji wenyewe ndio wanaoyakamilisha? Si jambo lililoanza juzijuzi?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Juzijuzi! Tulilifanya kwa magunia ya kahawa na madebe, miaka ile ya foleni ya sabuni, na nusura liwatoe damu ndugu wawili wa tumbo moja. Kaeni niwaambie, maana anayetaka kufanya kazi hii bila kushtuka bora akauze vitumbua.

Mimi si wa mlimani Kilimanjaro. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata miwa, nasi tulikulia kwenye nyumba za kambi ya mashamba ya sukari, pamoja na watoto wa watu kutoka kila mkoa. Nilisoma mpaka darasa la saba, sikuchaguliwa. Nilichokuwa nacho ni mkaa na ukuta wowote uliokuwa mweupe. Mama alichoka kuupaka chokaa, akanipeleka mjini kwa shangazi, na shangazi akanipeleka kwenye karakana ya mabango ya Fundi Ndesario, karibu na reli.

Fundi alikuwa Mchagga wa Kirua Vunjo, mwembamba, pua ndefu, mwenye koti moja lililokuwa na rangi za mabango yote ya mji. Hakuniuliza cheti. Alinipa chaki akasema, "Chora ng'ombe." Nikachora. Akaitazama, akageuza kichwa.

"Huyu ng'ombe anacheka nini?"

"Ameota yuko kwenye majani, Fundi."

Akamtazama shangazi. "Mwache hapa," akasema. "Wa hivi sijawahi kuwa naye."

Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu. Rangi zilipoadimika, tulichekecha udongo mwekundu kwa soksi ya nailoni, tukaukoroga na uji mwembamba wa muhogo ili ushike. Weusi tuliupata kwenye masizi ya kibatari. Brashi ikiisha nywele, ulichukua kipande cha mkonge ukakiponda ncha kwa jiwe. Mstari hatukupima kwa rula: uzi unapakwa chaki, mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati na kuuachia, pa! Mstari umenyooka kuliko mwenendo wa mlevi Jumapili. Nyie mnabonyeza tu. Siwaonei wivu, ila hamjui raha ya ile pa.

Makosa nilifanya mengi. Nilichora mshale wa bucha ukaelekea zahanati, na wa zahanati ukaelekea bucha. Kwa siku mbili wagonjwa walipanga foleni kwa muuza nyama, na mama mmoja alimwomba daktari kilo moja ya mchanganyiko. Fundi hakunipiga kelele. Alinishika bega, akanivusha barabara, akanisimamisha pale anaposimama mpita njia. "Kabla hujachora," akasema, "simama kwanza pale atakaposimama yeye. Wewe unajua unachotaka kusema. Yeye hajui." Shikeni neno hilo. Nililishika mimi pia, nikalisahau siku moja tu, na siku hiyo ndiyo ninayoisimulia.

Bwana mmoja wa ofisi ya utamaduni, ambaye sisi karakanani tulimwita Bwana Utamaduni, alikuja kabla ya maonyesho ya Sabasaba.

"Mwaka huu sitaki picha za kutazama tu," akasema. "Mwananchi aingie, ashike, ashiriki. Ujamaa si kutazama!"

"Ashike nini, ndugu?" Fundi akauliza.

Nami, bila kuulizwa, nikaropoka: "Ndoto."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mikono imejaa masizi.

"Kila mtu anazo," nikasema. "Ndicho kitu pekee kisicho na foleni."

Bwana Utamaduni akakunja uso. "Hayo si mambo ya ushirikina?"

"Yusufu alifasiri ndoto za Farao, maghala yakajaa nafaka," Fundi akamjibu huku akisafisha brashi. "Andika kwenye karatasi yako kuwa ni mambo ya kilimo."

Akaandika. Naapa, aliandika.

Majuma matatu nilizunguka kuokota ndoto. Niliuliza kambini, niliuliza wauza ndizi, niliuliza majirani wa Pasua. Ukitaka kujua ndoto za watu, usiulize "unaota nini," watakwambia hawaoti. Simulia yako kwanza, tena ya aibu. Mimi nilisimulia ninavyoota nimekwenda kanisani na kaniki tupu, basi hapo wote mdomo ukafunguka. Mama yangu akasema jino liking'oka ndotoni kuna msiba. Mkata miwa mmoja alikuwa akiota muwa usiokatika. Muuza ndizi akasema ngoma ya harusi ni kilio. Bi Mwanaidi, jirani ya shangazi, akaniambia nyoka akikukimbiza ni adui, akikutulia ni mali, halafu akanikemea: "Na wewe usimsimulie ndoto kila mtu. Ndoto husimuliwa anayekupenda." Mtu wa pili kwenye nyumba hiyo hiyo akasema nyoka ni nyoka tu, nilale mapema.

Hapo nikajifunza kitu: ishara ni moja, maana ni nyingi. Nikaamua nisiandike maana hata moja. Nitachora ishara kwenye vipande vya debe, bila herufi, maana wengi walikuwa bado kwenye kisomo cha watu wazima, na chini ya kila kipande nitagongea misumari. Mgeni anaingia mlango huu, anapewa jani, analitundika chini ya kile alichowahi kuota, anatokea mlango ule. Jioni ukuta wenyewe utatuonyesha mji umeota nini. Misumari mingine chini kabisa, watoto waifikie. Milango miwili, la sivyo wenye haya watakutana uso kwa uso na majirani. Hayo yote niliyafikiria. Nilijiona mwerevu hasa!

Ishara zilikuwa saba: jino, nyoka, maji, moto, ngoma, nyama, mtu anayeruka. Ya nane aliitoa Fundi mwenyewe. Alikuwa akinyoosha misumari mizee juu ya jiwe, hakuniangalia.

"Chora nyumba. Msonge, wa majani, wa zamani."

"Mlango niuweke upande gani?"

"Hauna mlango."

"Fundi, nyumba isiyo na mlango..."

"Namsikia mama ndani anapuliza moto," akasema. "Na mimi nazunguka." Akapiga msumari mara moja, kwa nguvu, ukajikunja upya. "Chora tu, binti."

Nikachora. Moyoni nikasema, hii atatundika nani? Msumari utakaa mtupu.

Basi likabaki suala la jani. Karatasi ilikuwa hakuna; hata bucha ilifunga nyama kwa jani la mgomba. Nikajaribu jani la mgomba: likapasuka. La mkahawa: dogo, likasinyaa kwa saa mbili. La mkaratusi: likanuka dawa, watu wangetoka wakipiga chafya. Fundi akaniambia, "Nenda kwangu Kirua Jumamosi. Chukua majani yoyote utakayoyaona kihambani." Kihamba ni shamba la urithi linalozunguka nyumba, migomba juu, kahawa chini. Yeye akilini mwake aliona migomba michanga, yenye majani laini yasiyopasuka. Mimi nikasikia yoyote.

Nikapanda lori la ndizi alfajiri. Nilipofika, nyumbani hakukuwa na mtu. Nikapita migomba, nikavuka mfereji, na pale nikaona mmea ulionifanya nipige makofi peke yangu. Ulikuwa umejipanga mstari kutoka mferejini mpaka njiani, umenyooka kana kwamba Fundi amevuta uzi. Majani marefu, yanang'aa, mazito, hayachaniki. Kwetu kambini sikuwahi kuuona umepandwa hivyo. Nikasema Mungu ameniwekea tayari. Na kwa kuwa kitu chenye mzizi hakifi upesi, sikukata. Nilichimba kidogo kwa panga, nikashika shina, nikavuta. Krrap. Arobaini na moja.

Halafu, kwa kuwa mama alinilea vizuri, nikafukia mashimo yote, nikasawazisha udongo kwa kiganja, nikatandaza majani makavu juu. Hata kuku asingejua.

Mama Eliya, mke wa Fundi, alitokea sokoni na mkungu kichwani. Nikamwamkia: "Shikamoo, mama!" Hakuitikia. Mkungu ukaanguka. Alitazama mstari, akanitazama mimi, akatazama mstari tena, halafu akapiga ukunga ambao mbwa wa bonde zima waliuitikia.

"Ruwa wangu! Mungu wangu! Nani amekutuma?"

"Fundi, mama."

"Ndesario? Ndesario amekutuma ung'oe masale?"

Akakaa chini, palepale kwenye udongo, na kitenge chake kipya. Nikadhani ameumia. Nikamkimbilia, akanisukuma. Kwa maneno ya kukatikakatika nikaelewa. Masale yale yalikuwa mpaka. Ng'ambo yake alikaa Aminiel, kaka yake Fundi. Mama yao alipofariki waligombania pale ilipokuwa nyumba yake, mpaka mapanga yakatoka, na wazee wa ukoo wakaja kupanda masale katikati, yakapita juu ya pale pale ilipokuwa nyumba ile. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakuwahi kusalimiana. Kama kuna kitu kilichozuia mapanga yasitoke tena, ni ule mstari.

"Nayarudisha sasa hivi, mama! Dakika moja!"

"Usiguse! Ukipanda wewe, ni mkono wa nani umepanda? Watasema Ndesario amehamisha mpaka. Na mashimo yako wapi?"

Tukatazama chini pamoja. Hapakuwa na shimo hata moja. Nilifanya kazi safi mno.

"Yaondoe," akanong'ona. "Aminiel akirudi ayakute hayapo, ni kosa. Akikukuta nayo mikononi, sijui."

Nikateremka na lori, miche imefungwa guniani, nimelikumbatia gunia mpaka dereva akaniuliza kama nimebeba mtoto. Fundi nilimkuta akimalizia kipande cha jino. Akageuka, akaona gunia. Brashi ikamtoka, ikachora mstari mwekundu kwenye jino lote. Mstari ule haukufutwa, na watu walilisifu lile jino kwa damu yake.

"Nilisema majani," akasema taratibu.

"Ulisema yoyote, Fundi."

"Nilisema yoyote," akarudia, kama mtu anayesoma hukumu yake. Akachukua koti, akaenda kupanda mlimani. Hakunitukana. Angenitukana ningelala.

Jumatatu akatuma neno: kaka yake amemgeuzia mgongo barazani, kijiji kizima kinasema Ndesario ametumia mtoto wa kuja kufuta mpaka kwa ujanja, na hawezi kuondoka mpaka wazee wa ukoo wamsikilize. Mwisho wa neno: fungua chumba, watu wasikose.

Nikafungua. Chumba cha magunia, milango miwili, vipande vinane vya debe vikigongana kwa upepo. Majani laini ya mgomba niliyokata jana yake yalikuwa yamekauka kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya karakana masale yalikuwa wima kwenye madebe ya maji, yakiwaka kwa ukijani. Nilidhani kosa lilikuwa kung'oa, na kung'oa kulikwisha kufanyika. Nikachuma majani yake, nikayabeba mpaka uwanja wa maonyesho, nikasimama mlangoni.

Asubuhi ilianza vizuri. Kina mama wa mjini walicheka, wakatundika chini ya maji. Watoto wote walitundika kwa mtu anayeruka. Kisha akaja bibi mmoja wa Kibosho, mfupi, khanga mbili. Nikampa jani kwa mikono miwili na kupiga goti, kama mama alivyonifundisha.

Bibi akaganda.

"Umenikosea nini, mwanangu?"

"Sijakukosea, bibi. Shika tu."

Macho yakamjaa machozi. Akalipokea kwa mikono miwili. "Sijui ni nini," akasema, "lakini nimesamehe." Akatoka bila kuingia ndani.

Nyuma yake mzee mwenye kofia akaona jani likimjia, akaruka nyuma kama nimemshikia swila. "Mimi? Na wewe? Tumekutana wapi?" Wa tatu alinipokonya, akalificha ndani ya koti, akaenda mbio kama aliyeiba. Mimi nimesimama, mdomo wazi. Nilidhani naota na hivi sasa nitajikuta na ile kaniki tupu.

Bibi wa Kibosho akarudi, akanivuta pembeni. "Wewe si wa huku."

"Baba yangu ni wa Songea, bibi."

"Nimeona. Sikiliza. Huku kwetu mtu akikujia na isale mkononi, amekuja kuomba msamaha. Huwezi kumkataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Wewe tangu asubuhi umeomba msamaha kwa nusu ya Kilimanjaro!"

Nikakaa chini. Sasa ni mimi niliyekaa chini, kama Mama Eliya. Lile neno la Fundi, simama pale atakaposimama yeye, likaja likanipiga kofi. Nilikuwa nimepima misumari, milango, kimo cha watoto, na sikuwahi kuuliza jani lenyewe linasema nini mkononi mwa anayelipokea.

Nikataka kufunga. Watu wakakataa! Foleni ilikuwa imezunguka banda la mahindi. Habari ilishapanda mlimani na lori la saa tano. Sasa walikuja wawili wawili: mama na mkwewe, watu na majirani zao, wanachukua jani, wanaingia gizani mwa magunia, wanatoka macho mekundu. Wengine walilibeba kwapani wakaenda nalo kwa mtu ambaye hakuja. Jioni Bwana Utamaduni akakagua ukuta, msumari huu una jani, ule hauna.

"Majani yamekwenda wapi?"

"Yameondoka na wenyewe, ndugu."

"Maonyesho gani haya yanayoondoka?"

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia.

Kesho yake, mlima umejifunika na baridi ya Julai inauma, Fundi akaingia kwa mlango wa kutokea. Alikuwa hajanyoa; habari ya majani ilimteremsha hata kabla wazee hawajamsikiliza. Akaona ukuta umejaa masale ya mpaka wake, yananing'inia chini ya nyoka, chini ya moto, chini ya lile jino la damu. Akalikalia debe tupu la rangi, nyuma ya magunia.

"Perpetua," akasema. "Umefanya nini."

Kabla sijajibu nikasikia sauti mlangoni.

"Nimeambiwa mpaka wetu unagawiwa hapa kama karanga."

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Pua ni ile ile. Mrefu kuliko Fundi, fimbo mkononi, koti la kahawia. Foleni ikampisha. Debe la Fundi halikulia.

Nilikuwa na jani mkononi. Siku nzima ya jana niliyatoa kama mtoto anayegawa pipi. Hili ndilo la kwanza nililolitoa nikijua. Nikapiga goti, goti la kweli, likaingia vumbini, nikalinyoosha kwa mikono miwili.

"Unajua unachofanya?" Aminiel akauliza.

"Leo najua, mzee. Jana nilikuwa sijui."

Akalitazama jani, hakulipokea. Nikawaza, akikataa, nitakuwa mtu wa kwanza mlima huu kukataliwa isale, na damu itakayomwagika Kirua itakuwa juu yangu.

"Mashimo alifukia nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nimelelewa hivyo, mzee. Ukichimba kwa watu, ufukie."

Mtu mmoja kwenye foleni akapasuka kicheko, akajiziba mdomo. Aminiel akalipokea jani. "Wewe nimekusamehe," akasema. "Ulikuwa kipofu tu. Haya, hili linawekwa wapi?"

"Chini ya ulichowahi kuota."

Akaingia. Nikamfuata, mlango nikauacha wazi, jambo ambalo mtu wa mlangoni hapaswi kulifanya. Akapita jino, akapita nyoka, akapita moto. Akafika kwenye kipande cha nane, msonge usio na mlango, ambao msumari wake ulikuwa mtupu tangu jana. Akasimama. Fimbo ikamtoka, ikaanguka juu ya majani bila sauti.

"Nani amechora hii?"

"Mimi."

"Nani alikuambia?"

Jicho langu likaenda kwenye magunia. Akalitundika jani lile, vidole vinatafuta msumari kama mtu asiyeona.

"Anapuliza moto," akakiambia kile kipande cha debe. "Na mimi nazunguka tu, nazunguka."

Nywele zilinisimama. Hamtaamini, nilihisi kila unywele mmoja mmoja.

Nyuma ya magunia debe likapinduka, ngwara! Fundi akatokea, magoti yamejaa rangi. Akachomoa jani la mtu mwingine chini ya nyoka, hata hakutazama, akamnyooshea kaka yake kwa mikono miwili.

Aminiel akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Ulingoja mtoto wa Kingoni aung'oe mpaka ndipo upate miguu?"

"Nilikungoja wewe, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

"Na mimi nilikungoja wewe. Wewe ndiye mdogo."

Akalipokea.

Nilikimbilia nje nikilia kwa sauti. Bwana Utamaduni akanidaka. "Kuna nini humo ndani? Watu wanapigana?"

"Hapana, ndugu," nikasema. "Wananchi wanashiriki."

Baada ya hapo nilifanya kazi ile miaka mingi. Nimechora hospitali, mabasi, kanisa, na misumari ya chini huwa naipima bado kwa kimo cha watoto. Lakini kabla ya kumpa mtu kitu akishike, hata kitambaa, humuuliza kwanza mwenyeji: hiki kwenu ni nini? Nanyi ulizeni. Mtachekwa kidogo. Ni nafuu.

Masale yalirudi Kirua kwa lori lile lile, yakiwa na mizizi mipya myeupe kwa kukaa majini, na ndugu wale wakayapanda mbele ya wazee wa ukoo. Mimi sikualikwa, na sikustahili. Ila juma moja baadaye, nikifagia nyuma ya karakana, nikakuta mche mmoja uliodondokea kwenye kopo la samli, umekua vizuri. Wa arobaini na moja. Nikashtuka upya. Kumbe niliwarudishia mpaka wenye pengo!

Sikumwambia mtu. Mvua za vuli zilipoanza nikaubeba mche wangu nikapanda Kirua siku ambayo nilijua wote wako kwenye harusi. Mstari ulikuwa umesimama vizuri, umeshika. Na katikati, kati ya nyumba mbili, pengo, upana wa mabega ya mtu. Nikapiga magoti, nikachimba shimo kwa vidole. Nilipounyoosha mkono kuuchukua mche ndipo nikaona udongo wa pale: mgumu, unang'aa kwa kukanyagwa. Nyayo za mtoto. Kwato. Na majivu mepesi yaliyodondoka kutoka jiko hili kwenda jiko lile, kama yanavyodondoka mtu akiomba kaa la moto kwa jirani.

Nikalifukia shimo langu, nikausawazisha udongo kwa kiganja, safari hii polepole, nikaubeba mche nikateremka.